Silvio Bressan, Fundi Aliyegonga Kuta kwa Miaka Ishirini na Tisa

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, king'ora cha saa tisa kitakapolia hapa Mourilyan, kwenye kiwanda chetu cha nyumba za chuma, Silvio Bressan atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne kazini, ukitoa siku moja. Hiyo siku moja kiwanda kimemsamehe. Yeye mwenyewe bado anauliza kama anaweza kuja kesho Jumamosi kuifidia.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu mwaka 2003 naendesha mashine ya kukunja bati, hatua sita tu kutoka kwenye meza yake. Ya pili, sikuwepo kwenye kikao walipokuwa wanagawana kazi za leo. Basi atakayeona nimemwaga mtama, anitafute mimi, Merle Kwailu, na si mhariri.

Silvio amekulia kwenye mbao. Babu yake alijenga kambi za wakata miwa, baba yake akajenga nusu ya nyumba za South Johnstone, na yeye alishika msumeno kabla hajajua kuendesha baiskeli. Akiwa fundi kamili alimjengea mama yake nyumba ya mbao, safi kabisa, ya kupigwa picha. Mchwa wakaila kwa miaka minne bila kelele. Siku moja mama mtu aliegemea fremu ya mlango akajikuta yuko barazani, yeye pamoja na mlango. Hakuumia, ila aliongea wiki nzima. Jumatatu iliyofuata, tarehe 29 Julai 1996, Silvio alifika getini kwetu, umri miaka thelathini na minane, penseli ya fundi sikioni, akasema anatafuta kazi ya kujenga kwa kitu kisicholiwa.

Kwa ndugu na jamaa mliokuja leo na hamjawahi kuingia karakana: humu hamna tanuri wala moto. Bati la chuma lililopakwa zinki, unene wake haufiki milimita moja, linaingia upande huu wa mashine likiwa bapa na baridi. Linapita kati ya rola, jozi baada ya jozi, kila jozi inalikunja kidogo tu, na upande wa pili inatoka nguzo ya nyumba, imeshakatwa kwa kipimo, matundu ya nyaya na ya skrubu yako mahali pake. Nguzo tunazifunga kuwa kuta, kuta zinakuwa sanduku kubwa, na masanduku mawili matatu yakiunganishwa kwa bolti, hiyo ni nyumba. Inaondoka hapa juu ya trela ikiwa na sinki na mapazia.

Lindeman wa stoo, aliyekuwepo siku hiyo, anasema Silvio alipoiona nguzo ya kwanza ikitoka alivua kofia. Aliiokota kwa vidole viwili, akaipindua, akaikanyaga, akairudisha taratibu. Wakamwonyesha ukuta mzima wa chumba cha kulala. Akaunyanyua peke yake, akasimama nao hivyo hivyo, akasema neno la Kiitaliano ambalo mhariri amelikataa. Mimi ninaendesha ile mashine kila siku ya Mungu na bado kuna asubuhi nasimama kuitazama, kwa hiyo simshangai.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu nitakayoyaeleza hapa wengi wetu hatukuyajua hadi Septemba mwaka huu, na Silvio ameniruhusu kuyaandika kwa sharti kwamba nisiyapambe.

Siku yake ya pili kazini alichezewa mchezo ambao kila mgeni alikuwa anachezewa. Lindeman alimtuma akalete kopo la rangi ya mistari. Wapaka rangi wakamwambia limepelekwa ofisini. Ofisini wakamwelekeza kwa dereva wa kreni. Dereva wa kreni akakuna kichwa, akamrudisha stoo. Saa nzima mtu mzima huyu, fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, alizunguka uwanja akiulizia rangi ambayo ukiipaka inajitoa mistari yenyewe. Alipong'amua alicheka na wenzake, lakini masikio yalikuwa yamemwiva.

Siku ya tatu huyo huyo Lindeman akamwendea kwa upole.

"Silvio, hiyo penseli iache nyumbani. Usichore nayo kwenye bati. Penseli inakula zinki, na zinki ikiliwa, chuma kinashika kutu."

"Ahaa!" Silvio akamjibu, karakana nzima ikisikia. "Jana rangi ya mistari, leo penseli inayokula chuma. Na kesho mtanituma nikalete ndoo ya mvuke?"

Watu walicheka mpaka wakashika meza. Lindeman naye alicheka, akijua ujumbe umefika. Wapi! Silvio alikuwa ameshaapa kwamba hatadanganywa mara mbili. Akawa anachora kwa penseli mchana kweupe, na kwa madaha.

Miezi mitatu ya kwanza alipewa nyumba moja tu ajifunzie, kutoka sakafu hadi paa: nyumba ya masanduku mawili ya Bi Oriel Hatfield, mpishi wa kantini ya kiwanda cha sukari, iliyokuwa inakwenda ufukweni Kurrimine. Kila kona ya nyumba ile ilipata alama ya penseli. Na mnajua desturi yetu: kabla ukuta haujafungwa kwa bodi, kila aliyeugusa anaandika jina lake kwenye chuma. Mwenye nyumba halioni milele, tunalijua sisi tu. Silvio aliandika lake kwenye nguzo ya bafuni, kubwa, kwa penseli. Oktoba ile nyumba ikapanda trela ikaenda.

Februari iliyofuata mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo, kama inavyojua kunyesha kwetu. Nje, karibu na bomba, palikuwa na kipande cha bati ambacho Silvio alikuwa amekiandikia vipimo. Mvua ilipokatika alikuta maandishi yake yote yamegeuka kahawia. Akayafuta kwa kitambaa, hayakutoka. Akapitisha kidole, akakuta yamechimba. Hakumaliza chai yake siku hiyo.

Alikwenda moja kwa moja kwa bosi wa wakati ule, Mzee Dunstall, akamwambia ameharibu nyumba ya watu na anaomba ruhusa akaifungue. Mzee Dunstall alimwambia ukuta ule ni mkavu, mahali pakavu penseli haina meno, na hawezi kuibomolea mama wa watu nyumba mpya kwa sababu ya penseli. Akamalizia kwamba jambo hilo lisitoke nje ya ofisi ile. Silvio akafunga mdomo. Ila moyo haukufungika.

Kuanzia mwaka ule, kila masika yakiisha, Silvio amekuwa akiendesha gari hadi Kurrimine na salami, soseji kavu ya Kiitaliano anayoitengeneza mwenyewe kila Julai, anakaribishwa keki, halafu anazunguka nyumba akigonga kuta kwa vifundo vya vidole na kutega sikio. Mji ulisema yake. Mume wa watu, kila mwaka, kwa mjane, na salami! Tulimtania hadi tukachoka. Mkewe Ines ndiye hakuwahi kuhangaika. Alituambia kwenye sherehe moja, mbele ya mumewe:

"Mwacheni aende. Bi Oriel anamzidi miaka ishirini na moja, halafu anapika kunishinda. Akirudi ameshiba mimi nimepumzika."

Mnakumbuka kimbunga kikubwa cha mwaka 2006. Barabara zilipofunguliwa tu, Silvio alikwenda Kurrimine, na njiani alipita paa la nyumba yake mwenyewe likiwa limelala kwenye miwa ya jirani. Hakusimama. Alimkuta Bi Oriel barazani anachemsha maji kwenye jiko la gesi, nyumba imesimama wima, haijapoteza hata skrubu moja tunayoijua. Bi Oriel anasema jamaa aligonga kuta nne kabla ya kumsalimu.

Kazini, hakuna fundi aliyetufundisha kama yeye. Watu sitini na zaidi wamejifunza kufunga fremu mkononi mwake, mimi nikiwa mmojawapo, na nilikuwa mzito wa kuelewa. Alitufundisha kupangusa vumbi la chuma baada ya kutoboa, lisikae kwenye zinki. Alitufundisha kwamba kipande kilichobaki si taka: vifupi vinarudi kuyeyushwa, virefu kidogo yeye anavigeuza vijiti vya kushikizia nyanya, na siku hizi kuanzia hapa hadi Tully hakuna bustani isiyo na kijiti cha Silvio. Wiki nzima ya kujenga nyumba, taka zetu zinajaa toroli moja. Mgeni akiuliza kwa nini tunajibana hivyo, Silvio anamjibu: "Hii nyumba si ya pale itakapowekwa tu. Siku moja itataka kuhama. Ijenge kama ya mtu atakayeifungua akaone ulichofanya."

Mambo yake mawili yalitushinda kuelewa. La kwanza, alitupiga marufuku kumtania mgeni wiki ya kwanza. Baada ya hapo mfanye mtakavyo, ila siku saba za kwanza mgeni aambiwe kweli tupu. Na penseli yake inachukuliwa getini inatiwa kwenye chupa iliyo juu ya kabati la stoo. Niliwahi kuzihesabu zikafika mia moja na kumi na nane. La pili, hakuwahi kuandika jina lake kwenye fremu. Mamia ya nyumba, majina yetu yote yamo, la kwake halimo. Tulidhani anaringa. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia, "Mzee, jina lako ni la dhahabu nini, linaogopa kuchakaa?" Akatabasamu akaendelea na skrubu zake. Leo nikikumbuka, natamani ningelimeza lile neno.

Mwaka huu bahari imefika uani kwa Bi Oriel. Nyumba za mstari wa mbele zote zimetakiwa kuondoka. Bi Oriel ana kiwanja cha marehemu kaka yake kule Silkwood, juu, mbali na maji, na nyumba zetu zinahamishika, ndiyo maana ya kuzijenga hivi. Lakini nyumba ya miaka ishirini na tisa hainyanyuliwi kwa kreni mpaka mhandisi aone mifupa yake. Ikiwa mizima, nyumba inahama. Ikiwa imeoza, nyumba inauzwa kama chuma chakavu, na Bi Oriel, mwenye miaka themanini na minane, anakwenda nyumba ya wazee mjini Cairns. Fomu za Cairns zilikuwa tayari kwenye kiti cha gari la mpwa wake.

Tulikwenda Jumanne, tarehe 9 Septemba, watu watano, na mhandisi Tamsin Oakley na kipimo chake. Bi Oriel alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, viatu vya kanisani. Nilikuwa nafungua sanduku la vifaa Silvio aliposema tusubiri. Alivua kofia. Sijawahi kumwona mtu akisimama peke yake vile katikati ya watu anaofanya nao kazi.

Akasema yote. Rangi ya mistari, penseli, bati la bombani, Mzee Dunstall. Akamgeukia Bi Oriel. "Mama, kama humu ndani kumeoza, ni mkono wangu. Nimekuwa nakuja kila mwaka kuusikiliza ukuta kwa sababu nilikuwa na hofu juu yako. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia."

Bi Oriel alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Miaka ishirini na tisa," akasema, "unakuja kuangalia ukuta?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi mjinga nilikuwa napaka rangi ya midomo!" Akaugonga mkoba wake kwa kiganja. "Haya, fungua. Na kama ni pabovu niambie wewe, asiniambie mwingine."

Silvio alitoa skrubu za bodi ya sebuleni mwenyewe, moja moja, akazipanga dirishani. Bodi ikashuka. Jamani! Chuma kilikuwa kinang'aa kama kimetoka kwenye mashine yangu asubuhi ile. Alama za penseli zote zilikuwepo, za kijivu, zinasomeka, na chini yake zinki imelala salama, haijaguswa. Tamsin alipima hapa na pale, akapima tena. "Sioni kutu hata chembe," akasema. "Ni mpya." Tukafungua chumba cha kulala, kukavu. Jikoni, kukavu. Vimbunga vyote vile, chumvi yote ile ya bahari hatua arobaini kutoka mlangoni, na ndani humo hakuna kilichosogea. Nilijikuta nimeshika ukuta kwa mikono miwili, nataka kulia na sijui nalia nini.

Ukabaki wa bafuni. Hapo kigae kimoja kilikuwa kimepasuka, na mvuke wa miaka umekuwa ukiingia. Bodi iliposhuka tuliona nguzo moja ina kutu. Haikuwa na kutu ovyo ovyo. Ilikuwa na kutu kwa herufi: S. BRESSAN 1996. Kila mahali penseli ilipopita chuma kilikuwa kimeliwa, na kila mahali isipopita kilikuwa kizima. Silvio alipitisha kidole juu ya jina lake, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tamsin alipima, akainuka. "Hii moja tu," akasema. "Ikibadilishwa hii, nyumba inasimama miaka mingine hamsini. Mna nguzo kama hii?"

Nilipiga simu kiwandani, nikataja urefu na namba. Mashine ikaikunja ndani ya sekunde nane, na Lindeman, ambaye kwa kawaida hatoki stoo hata kwa moto, akasema ataileta mwenyewe. Nusu saa baadaye alifika nayo begani. Silvio akafungua skrubu nne, akatoa nguzo ya zamani, akasimamisha mpya. Na hapa ndugu zangu naomba muelewe: matundu ya nguzo iliyozaliwa asubuhi ile yalikutana na matundu ya mwaka 1996, moja kwa moja, waya tuliouchomoa ukarudi kupita bila kukwama. Haikuchukua hata dakika ishirini.

Lindeman alikuwa ameiokota ile ya zamani, anasoma.

"Silvio," akasema, "huu ni utani wangu."

"Utani ulikuwa wa siku ya pili," Silvio akamjibu. "Siku ya tatu uliniambia kweli, bwana. Asiyesikia ni mimi."

Kabla hatujarudisha bodi Lindeman alichomoa maka peni ya buluu mfukoni akampa. Silvio aliikataa mara ya kwanza. Bi Oriel, ambaye alikuwa ameshaingia bafuni na viatu vyake vya kanisani, akamwambia, "Andika, baba. Ni nyumba yangu na nataka niwe na jina lako humu." Akaandika, polepole, kwa mwandiko wa shule: Silvio Bressan, mara ya pili, 2025. Halafu akafunga ukuta.

Nyumba ilihama kwa siku moja na nusu. Hatukuacha nyuma hata ndoo ya takataka, na ufuoni pale sasa ni mchanga tu. Siku ya pili jioni Bi Oriel alichemsha chai Silkwood, kwenye jiko lake, kikombe kikitoka kwenye ndoano yake ile ile. Zile fomu za Cairns mpwa wake alizichanachana mbele yetu.

Leo baada ya pai na keki Lindeman atamkabidhi Silvio zawadi ya wafanyakazi. Ni kopo la rangi, nyeupe na nyekundu, ambazo amezimimina kwa kijiko, mstari juu ya mstari, kwa siku tatu. Ameomba asilitikise.

Ile nguzo ya zamani hatumpi. Tumeipigilia hapo kwenye mlango wa stoo, kwa urefu wa kifua, karibu na chupa ya penseli. Kuanzia Jumatatu kila mgeni, siku yake ya kwanza, atapitisha kidole juu ya jina hilo na kuambiwa habari zake zote, bila utani. Na leo kabla ya king'ora, Silvio, kuna fremu ya chumba cha kulala kwenye meza namba mbili, haijafungwa bodi. Tumekuachia nafasi katikati ya majina yetu, na maka peni iko juu ya meza.

Asante kwa mikono yako, na kwa siku ile ya Kurrimine uliyovua kofia. Upumzike kwa raha, wewe na Ines, na nyanya zisimame wima. Ukizikumbuka kuta, njoo ugonge zetu wakati wowote. Bi Oriel anasema hata za kwake, ila usije bila salami, na safari hii anataka upige hodi kwanza.